Mtutu wa oda na mtutu wa kiwandani: nimepiga yote miwili kwenye bunduki moja, haya ndo niliyoyaona

Mtutu wangu wa kiwandani ulipofika mwisho nilikua na njia mbili tu, ama niweke mwingine wa kiwandani kama uleule, ama niongeze hela niagize mtutu wa oda kwa mtu ambaye kazi yake ni mitutu tu na hafanyi kingine. Nikachagua wa oda. Sasa nimeupiga misimu miwili, na kwa sababu bunduki ni ileile, risiva (mwili wa bunduki unaoshika mtutu) ileile, kitako kilekile, triga ileile, darubini ileile, naona naweza kusema kitu kuhusu tofauti ya hii mitutu maana kilichobadilika ni mtutu peke yake. Hata umbo nililazimisha liwe lilelile jembamba la kuwindia na urefu uleule, sikutaka baadae niambiwe wa oda umeshinda kwa sababu ni mnene.

Nitangulize jibu. Mtutu wa oda haukunipa maajabu, kama unategemea ukishafunga tu matundu yataanza kukaa moja juu ya jingine utakata tamaa mapema. Kilichonipa ni kuuamini. Risasi ya kwanza asubuhi mtutu ukiwa wa baridi na risasi ya 12 mtutu ukiwa wa moto zinaenda palepale, ukitoka kuusafisha unarudi palepale, ukikaa mwezi kabatini unarudi palepale. Wa kiwandani nao ulikua unapiga, tena vizuri tu siku nyingine, ila kila nikikaa nyuma yake nilikua na swali kichwani kwamba leo umeamkaje.

Bunduki yenyewe ni ya boliti, kaliba ya .243 Winchester, ilikuja na mtutu wa msokoto wa 1 kwa 10, maana yake risasi inazunguka mara moja kamili kila inapotembea inchi 10 ndani ya mtutu, kama sentimita 25 na kitu. Jina la kiwanda sitalitaja, sina ugomvi nao na wenzangu wenye bunduki za kiwanda hichohicho wengine wanazisifia. Kwa mita 100 ilikua inanipa grupu (upana wa matundu yote kwenye lengo moja) la risasi 3 la milimita 22 mpaka 25, na wengi tukishapata hilo tunapiga picha karatasi na kuondoka tumefurahi. Kumbuka MOA, kipimo cha pembe tunachopimia usahihi, 1 kwa mita 100 ni kama milimita 29, kwahiyo hapo niko chini ya MOA, safi kabisa. Mambo yalibadilika nilipoanza kupiga risasi 10 kwenye lengo moja. Grupu lilelile likawa milimita 48, siku nyingine 55, na siku hizo hamna kitu kilichoharibika wala kulegea, ndo ulikua ukweli wake muda wote, risasi 3 zilikua hazitoshi kuuonyesha. Risasi 3 ni chache mno jamani. Bunduki inayotawanya vizuri tu inaweza kukupa 3 zilizokumbatiana kwa bahati, afu we unabaki mwaka mzima unatafuta lile grupu lako la siku ile na kulaumu risasi, upepo, mpaka bega lako.

Afu kulikua na ishu ya joto. Risasi 4 za kwanza zilikaa vizuri, kuanzia ya 5 matundu yakaanza kupanda na kwenda kulia, taratibu, kama yanafuata mstari, ukiacha mtutu upoe unarudi chini. Hii wengi wanadhani ni kawaida ya mtutu mwembamba, na kweli mwembamba unapata joto haraka, ila kujipinda kwake si lazima. Chuma kinapofanyiwa kazi kwa nguvu, kwa kugongwa, kusukumwa au hata kunyooshwa kwenye presi, kinabaki na mivutano ndani yake, na kama haikutolewa vizuri kwa kukipasha moto na kukipooza kwa utaratibu, siku kikipata joto upande mmoja unataka kwenda huku na mwingine kule. Mtutu wa oda nilionao ni mwembamba vilevile, unapata moto vilevile mpaka huwezi kuushika, lakini matundu hayatembei. Grupu la risasi 10 kwa mita 100 linakaa kati ya milimita 18 na 24, na sijatafuta risasi ya ajabu, ni mzigo uleule wa baruti niliokua napakia zamani, nimerekebisha tu urefu wa kukaa kichwa cha risasi.

Kujua kwanini inakua hivo inabidi ujue mtutu unatengenezwaje, na hapa ndo watu wengi wanaishia kurushiana maneno. Mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, inawekwa kwa njia tatu kubwa. Viwanda vikubwa vingi vya bunduki vinatumia nyundo, yaani chuma kilichotobolewa kinavishwa kwenye kishikio kigumu chenye sura ya mifereji iliyogeuzwa, afu nyundo za mashine zinakigonga kwa nje mpaka kinabana na kuchukua ile sura, dakika chache tu mtutu umetoka. Mashine ni ghali kupindukia ila ikishakuepo inatoa mitutu mingi, mizito kuchakaa, na yenye kufanana. Njia ya pili ni kitufe, kidude kigumu cha kabaidi chenye sura ya mifereji kinavutwa au kusukumwa ndani ya tundu na kinakandamiza chuma, hakikati. Shilen, Hart, Lilja na Lothar Walther ni watu wa kitufe, na Savage kwenye bunduki zake za kiwandani pia ni kitufe. Njia ya tatu ndo ya zamani kuliko zote, kukata, kisu kidogo kinapita mfereji mmoja mmoja na kila kikipita kinachukua unyoya mwembamba usioweza kuuona vizuri kwa macho, kinarudi tena, kinarudi tena, mtutu mmoja unaweza kula saa nzima au zaidi. Krieger na Bartlein wako upande huo, na hata marehemu Harry Pope, fundi wa Kimarekani aliyezaliwa 1861 na kufariki 1950 ambaye mitutu yake mpaka leo wanaokusanya bunduki za kale wanaiheshimu, alikua anakata.

Sasa ukiona hapo kuna mtu anaamini kukata ndo oda na kitufe ndo kiwanda, hapana. Kuna mitutu ya kitufe iliyoshinda mashindano mengi sana ya benchi, yale ya kupiga bunduki ikiwa imelazwa mezani. Tofauti halisi iko kwenye kinachofuata baada ya mifereji kuingia. Mtengenezaji wa oda anachukua fimbo, anamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa ndani ya mtutu wenyewe ili yapate sura kamili ya mifereji, anayapaka unga wa kusugulia na mafuta, afu anausugua mtutu kwa mkono mbele na nyuma huku anasikiliza mkononi kama kuna sehemu inabana au inalegea. Hiyo kazi mashine haimfanyii. Na anaweza kuutupa mtutu kama haujamridhisha, kitu ambacho kiwanda kinachotoa mamia kwa siku hakiwezi kukifanya, wao wana kipimo cha juu na cha chini, ukiwa katikati umepita.

Ngoja nieleze kitu nilichokifanya mwenyewe maana hakuna maelezo yanayozidi hiki. Kabla mtutu wa zamani haujatolewa nilichukua kipande cha risasi laini, ile madini yenyewe ya risasi, bunduki imefunguliwa na haina kitu, nikakipaka mafuta na kukisukuma kwa fimbo kutoka upande wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, mpaka mdomoni, polepole. Kwa kama kiganja kimoja kilikua kinabana, afu ghafla kikalegea fimbo ikaruka mbele, afu kikabana tena, na karibu na mdomo kikawa kinateleza chenyewe kabisa. Karibu na mdomo ndo pabaya zaidi, pale risasi inapotoka ndo inatakiwa ishikwe vizuri kuliko popote. Mtutu mpya ulipofika nikarudia zoezi lilelile. Fimbo ilienda mwendo mmoja mwanzo mpaka mwisho, kama kuvuta uzi kwenye siagi, na sentimita chache za mwisho mkono ukahisi kukazika kidogo sana. Hapo nilikua sijapiga hata risasi moja na tayari nilijua nimenunua nini. Ukikumbuka kwamba mfereji wenyewe kwenye mtutu wa 6 mm kama huu wa .243 kina chake ni kama 0.08 ya milimita, pungufu ya unene wa karatasi ya kawaida, utaelewa kwanini kulegea kidogo tu ambako jicho haliwezi kukuona risasi inakuhisi.

Fundi wangu ana boroskopu, kamera ile nyembamba inayoingia ndani. Tuliangalia mitutu yote miwili kwenye skrini. Wa kiwandani ulikua na alama za kutobolea zinazokata mifereji kwa upana, mistari midogo kama vidato vya ngazi, urefu wote. Kila risasi ikipita juu ya vile vidato inaachia shaba inayoifunika kwa nje. Na kule kwenye koo, pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba, chuma kilikua kimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, vipande vidogo vidogo vyenye nyufa katikati, na ncha za mifereji zimeliwa zimesogea mbele. Hiyo haikua kosa la kiwanda, ni joto la baruti, .243 inachoma baruti nyingi kwenye tundu dogo kwahiyo koo linaungua. Nilikua nimeshapiga zaidi ya risasi 2,000 na ni umri mzuri tu kwa hiyo kaliba.

Na hapa niseme wazi kitu ambacho wauzaji hawakisemi. Mtutu wa oda hauishi zaidi kwa sababu ni wa oda. Koo litaungua vilevile. Chuma cha pua ambacho wengi wa oda wanatumia, kile cha 416R, kinakerezeka vizuri na wengi wanaona kinashikilia usahihi muda mrefu kidogo kabla hakijaanza kutawanya, ila baruti ni baruti. Kama unataka mtutu ukae miaka chagua kaliba ya upole, .308 itakuvusha risasi 5,000 bila presha, wakati .243 ukiipiga harakaharaka mtutu ukiwa wa moto unaimaliza mapema sana. Nimeona watu wanalipia oda kwa matumaini ya uimara, hapana, utakua umenunua kitu kingine na sio hicho.

Kilichonifanya mi niridhike na hela yangu kuliko hata grupu ni msokoto. Nilikua nataka kupiga vichwa virefu vya greini 105 (greini ni kipimo cha uzito), vile vyembamba vya mbele ambavyo upepo hauvisukumi sana. Kwenye mtutu wa kiwandani wa 1 kwa 10 nilijaribu, matundu kwenye karatasi yakawa na umbo la yai, mengine yana alama ya ubavu kabisa, yaani risasi inafika imeshaanza kuyumba. Hakuna baruti wala usafi unaorekebisha hilo. Kinachoamua ni urefu wa kichwa cha risasi, sio uzito wenyewe, kirefu zaidi kinataka kuzungushwa haraka zaidi, na hesabu hii imejulikana tangu Mwingereza Greenhill alipoitoa mwaka 1879. Lakini kiwanda kinachagua msokoto mmoja kwa ajili ya kila mtu, na kila mtu kwao ni yule anayenunua boksi la risasi za kuwindia dukani. Mtutu wa oda unauliza unataka kupiga nini, ukasema greini 105, unaletewa 1 kwa 8. Kwa msokoto huo risasi inayotoka kwa mita 914 kwa sekunde inazunguka mara 270,000 kwa dakika. Matundu yangu sa hivi ni duara safi mpaka mbali nilikoweza kufika.

Tena hii kaliba ya 6 mm ndo ina historia ya kuumiza kwenye jambo hili. Mwaka 1955 Winchester walitoa .243 na Remington wakatoa .244, ndugu wawili kabisa, na .244 kwa nguvu ilikua hata mbele kidogo. Ila Remington waliweka msokoto wa 1 kwa 12 wakifikiria watu watapiga vichwa vyepesi, Winchester wakaweka 1 kwa 10. Wawindaji walitaka kichwa cha greini 100 wapigie swala na mbweha kwa bunduki hiyohiyo, .243 ikakishika, .244 ikaonekana haikishiki. Remington wakaja kubadilisha msokoto ukawa 1 kwa 9 na mwaka 1963 wakaipa jina jipya, 6mm Remington, lakini soko lilikua limeshaondoka. Kaliba nzuri ikauawa na inchi 2 za msokoto. Kwahiyo mtu akiniambia msokoto ni jambo la wataalam tu mi huwa namjibu kwa hiyo stori.

Viwanda navyo vimejifunza, lazima niseme. 6.5 Creedmoor iliyotoka 2007 karibu kila kiwanda kinaiweka 1 kwa 8 na vichwa virefu vinapita bila shida, kwahiyo mwenye hiyo kaliba sababu ya msokoto hana, abaki na sababu nyingine.

Chemba. Hapa ndo patamu na ndo penye hatari pia. Chemba ya kiwandani inakatwa iwe na nafasi ya kutosha ili risasi ya boksi lolote, ya nchi yoyote, iingie hata ikiwa na vumbi, na hiyo ni busara, bunduki ya kuwindia ikigoma kufunga boliti porini haina maana. Ila kisu cha kukatia chemba kiwandani kinaanza kikiwa kikubwa na kinanolewa tena na tena mpaka kinafika mwisho wa kipimo, kwahiyo chemba yako inategemea umezaliwa siku gani ya kile kisu. Maganda yangu ya zamani yalikua yanavimba sana karibu na kitako cha ganda, nikiyapakia mara 4 au 5 mstari mweupe unaanza kuonekana, ganda linataka kukatika. Kwenye chemba ya oda maganda ya aina ileile nimeshapakia mara 8 na bado. Na koo nililichagua mwenyewe, nilimpelekea fundi risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki, akakata kulingana nayo, sasa kichwa cha risasi kinaanza safari karibu kabisa na mifereji badala ya kuruka hewani kwanza.

Lakini chemba hiyo inakatwa na mtu, na mtu anakosea. Mwenzangu mmoja alinunua mtutu wa jina kubwa kabisa, mtutu ambao ukiutaja watu wananyamaza, akampelekea fundi fulani aliyekua na foleni fupi. Bunduki ikaja inapiga milimita 60 kwa mita 100. Akalalamika mtutu ni feki, akabadilisha darubini, akabadilisha kitako, mwaka ukapita. Siku moja tukakaa na maganda yake mezani, nikachukua moja lililopigwa nikaliviringisha juu ya kioo, shingo ilikua inacheza, inapanda na kushuka kama gurudumu lililopinda. Chemba ilikatwa haiko katikati ya tundu la mtutu. Risasi ilikua inaingia kwenye mifereji ikiwa imeinama tangu mwanzo, hapo hata mtutu wa Pope mwenyewe ungefanya nini? Fundi mwingine akakata kipande cha nyuma cha mtutu uleule, akaufunga vizuri kwenye mashine ya kukereza, akapima tundu lenyewe kwa ndani na sio nje, akakata chemba upya na kutengeneza upya mdomo. Milimita 21. Mtutu uleule! Niliumia kwa ajili yake kwa sababu mwaka mzima ulipotea, na yule fundi wa kwanza mpaka leo anasema kazi ilikua sawa.

Ndo maana naweka fundi mbele ya jina la mtutu. Na sio swala la usahihi tu, ni usalama wa uso wako. Nafasi kati ya boliti na ganda, hedispesi, inapimwa kwa geji maalum, moja boliti lazima ifunge na nyingine lazima igome kufunga, ikikosewa ganda linaweza kupasuka ndani. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni na ifuate sheria ya bunduki ya pale unapoishi, sehemu nyingine mtutu wenyewe unahesabiwa kama silaha na unaandikwa kwenye kibali. Njia nyepesi ipo kwa wenye bunduki za aina ya Savage, tangu modeli 110 ya mwaka 1958 mtutu wao unashikwa na nati, kwahiyo mtutu wa oda uliokwisha kukatwa chemba unaweza kufungwa na kurekebishwa kwa ile nati mpaka geji zikubali, bila mashine ya kukereza. Usahihi wake nimeuona kwa bunduki mbili, ni mzuri kuliko watu wanavyodhani.

Usafi nitausema haraka. Mtutu wa kiwandani nilikua naupitisha vitambaa 20 na dawa ya shaba na bado vinatoka na bluu, nikichoka naacha, afu risasi 5 au 6 za kwanza baada ya kusafisha zilikua zinazurura mpaka vile vidato vijae tena. Wa oda vitambaa 4 au 5 vya dawa, kitambaa kinatoka cheupe, risasi ya pili iko nyumbani. Krieger wanatoa utaratibu wa kuuzoesha mtutu mpya, unapiga moja unasafisha, unapiga moja unasafisha, mpaka shaba ipungue, nikaufuata, kwenye wangu shaba iliisha haraka sana, risasi ya 6 nikaacha. Wapo wanaoapa huo utaratibu hauna maana. Mi naona kwenye mtutu uliosuguliwa kwa mkono kinachozoea ni koo tu, pale kisu cha chemba kilipoacha makali yake.

Sasa nisionekane nawadharau wa kiwandani maana siku hizi wametusogelea kweli. Rafiki yangu ana Tikka ya .308, mtutu wa nyundo, haijaguswa na fundi yeyote, na kwa risasi 10 inanipumulia mgongoni, milimita 25, 26, siku nyingine 23. Tikka wanatoa dhamana ya MOA 1 kwa risasi 3, na ndugu zao Sako kwa risasi 5, nimeshasema maoni yangu kuhusu risasi 3 ila ile ya rafiki yangu imevuka dhamana yake mbali. Bergara wa Hispania walianza kama watu wa mitutu kabla ya kuuza bunduki nzima na inaonekana. Shida ya kiwandani ni kwamba unapata ulichopata. Unaweza kupata kama ya rafiki yangu, unaweza kupata kama yangu, boksi ni lilelile na karatasi ya dhamana ni ileile.

Kama una bunduki mpya ya kiwandani usikimbilie kuitoa mtutu. Ipige. Kabla ya kuulaumu mtutu kaza skrubu za kitako, angalia vishikio vya darubini, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao uone kama haugusi popote, tazama mdomo kama una kovu, kurudia kukata mdomo ni kazi ndogo na nimeona bunduki iliyofufuka kwa hilo tu. Jaribu aina 4 au 5 za risasi, kila moja risasi 10 na sio 3. Ukishaijua vizuri na koo likaungua, hapo ndo agiza, kwa sababu utakua unajua unataka msokoto gani, urefu gani na koo la namna gani. Mi ningeagiza siku ya kwanza ningechagua vibaya, ningechukua 1 kwa 10 tena kwa mazoea na mnene mzito ambao nisingeweza kuubeba mlimani.

Kwa anayewinda mara chache kwa mwaka, mita 150 kushuka, risasi moja au mbili na kurudi nyumbani, wa kiwandani unamtosha na hela iende kwenye risasi za mazoezi. Anayepiga mbali au anayepiga karatasi kila wiki namshauri wa oda bila kusita, ajiandae kusubiri maana wazuri wana foleni ya miezi, wangu ulichukua miezi 7 mpaka kufungwa.

Wangu sasa una risasi 900 na kidogo. Wiki iliyopita tuliingiza boroskopu tena, koo limeanza kuota nyufa ndogo pembeni, kama nywele, mbele yake mifereji bado ni kioo. Fundi alipima koo limesogea mbele kiasi gani akaandika kwenye daftari, nikamwambia aanze kuniwekea nafasi kwenye foleni, 1 kwa 8 tena, koo lilelile, safari hii urefu tupunguze inchi 2.